Mhariri, hii "nyumba ya kudumu" yadumu nini hasa?

Ndugu Mhariri,

Asalaam aleikum. Mimi si mtu wa kuandika magazetini, kazi yangu ni mwiko na timazi, miaka 35 sasa nafanya uashi hapa Mombasa, kwa hivyo maneno yakienda mrama nisameheni, ila hili limenikaa kooni na nikilimeza litanidhuru.

Mwezi uliopita nlimsindikiza ndugu yangu, mtoto wa ami, kwenda kuomba mkopo wa kuongeza vyumba viwili. Mahali penyewe sipataji, ugomvi wangu si na wao peke yao. Kijana aliyetupokea ana adabu zake, akatuletea maji ya baridi, akaanza kujaza fomu. Nyumba iko wapi, Mtongwe. Vyumba vingapi, sita. Ukuta wa nini, udongo. Hapo kalamu ikasimama. Akatutazama vile mtu anamtazama mgonjwa ambaye hajaambiwa ugonjwa wake, akasema "wazee wangu, hiyo si nyumba ya kudumu, sisi hapa twaangalia nyumba ya kudumu".

Sasa Mhariri, nyumba hiyo marehemu ami aliijenga 1962, Kenya haijapata uhuru. Fito za mikoko, udongo mwekundu, ikakandikwa na kina mama wa mtaa kwa wali wa nazi wa siku mbili, ikapakwa chokaa. Mimi nimezaliwa nimeikuta. Huyo kijana bila shaka na babake pia wamezaliwa wameikuta. Na ile ofisi tuliyokaa, nilipokuwa naangalia juu (mimi nikikaa mahali lazima niangalie dari, ni maradhi ya kazi) niliona alama ya maji imetoka pembeni imefika mpaka kwa feni. Jengo halijatimiza miaka kumi. Lakini hilo ndo la kudumu.

Kwa hivyo nauliza, kudumu ni kukaa miaka mingi au ni kuwa na simenti?

Na si yule kijana tu. Ile sensa ya Agosti 2019 makarani walipita wakauliza ukuta wa nini, paa la nini, sakafu ya nini. Kuuliza si vibaya, lakini mtaa mzima ulijua jibu lipi lina heshima. Jirani yangu mmoja nyumba yake ni udongo mtupu ila amepiga lipu mbele upande wa barabara, basi akajibu kwa sauti "mawe!" na mkewe ndani akaguna, tukacheka sote mpaka karani.

Sasa niwatoe Mombasa kidogo niwapeleke mbali, manake mimi mwenyewe nlikuwa nafikiria kama yule kijana, na waliokuja kunifungua macho hawakuwa maenjinia.

Mwaka 2014 kaunti zilikuwa bado changa, kontrakta mmoja akachukua mafundi sita wa Pwani kwenda kujenga madarasa mawili na nyumba ya mwalimu huko kaskazini, kaunti ya Marsabit, ndani ya jangwa la Chalbi upande wa kuelekea mpaka wa Ethiopia. Lami ya Isiolo mpaka Moyale ilikuwa haijaisha wakati huo, na ile barabara ni karibu kilomita 500, sisi tumepanda lori la simenti, tumekaa juu ya mifuko, siku ya tatu nywele, nyusi na ndevu zote zimekuwa rangi moja hata mwenzangu nlikuwa namjua kwa sauti. Marsabit yenyewe ni mlima, ina ukungu na miti mikubwa, asubuhi nlivaa sweta. Halafu ukishuka ndo unakutana na lenyewe. Tambarare nyeupe, chumvi imekauka juu ya ardhi kama unga umemwagika, upepo haupumziki, na mbele unaona maji yanameta, unayaendea yanakimbia. Mazigazi. Mtu wa bahari kama mimi yalinitesa sana hayo, kila mara moyo wadunda.

Kule ni kwa Wagabra. Nyumba zao waziita mandasse, za mviringo, mbavu zake ni mizizi na matawi ya mgunga yaliyopindwa, juu mikeka ya nyuzi iliyosukwa na kina mama, na ngozi. Siku ya kwanza nlimwambia mwenzangu "hawa watu wanaishi ndani ya makanda". Tukacheka. Mungu anisamehe.

Kazi ikaanza. Wale wasiojua, simenti haikauki, simenti inashika, na ili ishike inataka maji, zege ukilimwaga lazima ulinyweshe asubuhi na jioni angalau siku saba, na kwa jua la kule usipolinywesha linapasuka nyufa kabla hujamaliza kunawa mikono. Maji yenyewe yanaletwa na bauza, yamelipiwa, ya kazi. Basi siku hiyo nimeshika mpira naunyweshea msingi, kina mama wamekuja na punda na jerikeni zao za manjano wamesimama kando ya bauza, hawaombi, wamesimama tu wanatazama. Mama mmoja mtu mzima akasema neno, wenzake wote wakanyamaza. Nkamuuliza kijana aliyekuwa akitutafsiria, huyu mama asema nini? Hakutaka kuniambia. Nkamshikilia. Akasema, "Anauliza hilo jiwe lako lina kiu tangu juzi, litashiba lini?"

Wallahi nlifunga mpira. Nlisimama pale na karai yangu kama mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni. Fomani akaanza kupiga kelele kwamba zege litaharibika, na kweli lingeharibika, hakuwa mwongo. Jioni tukakaa mafundi tukafikiri, kesho yake tukakusanya magunia tukayalowesha tukafunika msingi, juu yake tukalaza nailoni tukabana na mawe, ikawa maji hayapotei na jua, yakatosha nusu. Ile nusu ya pili ikaingia kwenye jerikeni, fomani akaangalia upande mwengine, naye alikuwa na mama.

Tangu siku hiyo yule mama akawa ananiletea chai. Chai ya maziwa ya ngamia, chombo kimefukizwa moshi, mara ya kwanza waona kama unakunywa jiko, mara ya tatu unaitafuta mwenyewe. Nikawa naingia kwake. Na hapo ndo nkaanza kuona vitu ambavyo mimi fundi nlipaswa kuviona siku ya kwanza. Saa saba mchana, nje huwezi kushika chepeo kwa mkono mtupu chuma kinaunguza, ndani kwake mikeka ya upande wa upepo imeinuliwa kiasi cha shubiri mbili, upepo unaingia chini unatokea upande wa pili, juu hakuna joto la kukushukia utosini. Usiku baridi ikija anaishusha, anaongeza ngozi. Nyumba inafunguliwa na kufungwa kama shela. Nyumba yangu mimi ya Kisauni ina madirisha manane na hakuna hata moja lililowekwa kwa kufikiria upepo unatoka wapi, yamewekwa kwa kufikiria yataonekanaje barabarani.

Halafu asubuhi moja kabla ya alfajiri nasikia ngamia wanalia, natoka na shuka langu, nyumba ya yule mama jana ilikuwa imesimama leo imelala. Yeye na binti zake wawili, hakuna mwanaume aliyegusa kitu, wanaume wako na mifugo. Zile mbavu wakazifunga ubavuni mwa ngamia, huku na huku, zikatokeza juu kama pembe, mikeka ikakunjwa, vibuyu vya maziwa, ngozi, na mtoto mdogo akapachikwa juu kabisa kama nahodha. Jua linachomoza pamebaki mafiga matatu na duara chini. Hakuna vifusi, hakuna msumari. Nkamuuliza yule kijana nyumba ile ina miaka mingapi, hakunielewa swali. Akaniambia fito nyingine zilitoka kwa nyumba ya mamake huyo mama, siku alipoolewa, ndivyo wanavyofanya, na bintiye akiolewa naye atachukua kutoka hizo. Na nyumba ni mali ya mwanamke. Akaniambia kwa mzaha, mume na mke wakigombana hapa mume ndiye hujua nje kuna baridi kiasi gani.

Sasa mwiteni yule kijana wa fomu aje aniambie hiyo ni nyumba ya muda. Fito za mama, za bibi, labda za mama yake bibi. Nyumba imebadilishwa mkeka hapa, utepe pale, lakini haijawahi kuvunjwa ikatupwa.

Madarasa yetu nayo tukayamaliza, mawe, mabati, simenti, ramani ilichorwa mahali pa baridi, madirisha madogo na juu hakuna dari. Nlibaki wiki mbili kumalizia milango. Watoto wanaingia saa mbili. Saa nne mabati yanaanza kulia tak, tak, tak yakitanuka na joto. Saa sita mwalimu amewatoa wote, wako chini ya mgunga, ubao ameuegemeza kwenye shina, na madarasa yetu mapya yanayong'aa hayana mtu ila mbuzi wawili kivulini upande wa nje. Bango la mradi bado rangi mbichi. Sikumwambia mtu, lakini nliona aibu.

Pale sokoni palikuwa na duka la jamaa mmoja aliyetoka Moyale, amejenga kama kwao, miti na udongo uliokandwa na nyasi, ukuta mnene toka kidole mpaka kiwiko. Mchana ukiingia pale ukaweka kiganja ukutani ni baridi kama mtungi. Nikamuuliza siri yake nini, akaniambia hakuna siri, jua linaanza kuingia asubuhi, mpaka livuke unene ule ni usiku, na usiku wa jangwani ni baridi, ukuta unalitema joto unaanza upya. Mie nikaongeza langu la kifundi, simenti blok iliyo nyembamba ina tundu na mabati juu, hiyo jua halihitaji hata saa moja.

Nkarudi Mombasa nimewaka moto, nataka kila mteja nimjengee ukuta wa udongo wa kiwiko. Na hapa nijikosoe kabla hajanikosoa mtu, manake nlikuwa nakosea vilevile, kwa upande wa pili. Ujanja wa jangwani unategemea usiku wa baridi. Mombasa usiku wa baridi uko wapi? Machi hapa saa nane za usiku watu wako barazani wanajipepea na kawa. Ukuta mnene wa kuhifadhi joto huku utakuwa unakupikia usiku kucha. Pwani yataka upepo na kivuli, si unene.

Na hilo wazee wetu walilijua bila kwenda Chalbi. Ziangalieni nyumba za mtaa wa Majengo zile za zamani ambazo hazijaguswa. Baraza mbele, mlango, ukumbi unapita moja kwa moja mpaka uani, kaskazi ikivuma inaingia, kusi ikivuma inatoka, vyumba vitatu huku vitatu huku, kati ya kuta na makuti pana mwanya moshi na joto vinatokea. Makuti yenyewe hayashiki joto kama bati. Mawe ya timboni na chokaa kwa wenye nacho, udongo na fito kwa wasio nacho, lakini nyumba ni ileile moja, tajiri na maskini. Hata upana wa vyumba vya Mji wa Kale na vya Lamu, mnajua kwa nini vyumba ni virefu na vyembamba? Boriti ya mkoko ndo imeamua. Mkoko hauvuki sana mita tatu kwenye upana wa chumba, basi chumba hakivuki. Mti ndo uliochora ramani.

Sisemi turudi zamani, nisisingiziwe. Makuti yanashika moto, na kwenye mtaa uliobanana kama wetu nyumba moja ikiwaka ni kumi, hilo nimeliona kwa macho. Fito mbaya zinaliwa na mchwa. Udongo usio na msingi wa mawe na paa lisilotokeza nje vizuri, mvua ya Mei inaulamba chini mpaka unaona mbavu. Mikoko nayo ina mwisho, Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji miti, watu wa Lamu walilia, lakini na samaki nao wanazaliana wapi mikoko ikiisha? Ndo nasema kuna mvinje, unapandwa, unakua haraka, mafundi wengi tunautumia. Kila ujenzi una ukali wake. Ninalokataa ni hili la kuita upande mmoja wa kudumu na mwengine wa muda bila hata kuangalia.

Na simenti yenyewe mwaionaje, imetoka mbinguni? Matumbawe yaleyale. Kiwanda cha Bamburi kimechimba jiwe la matumbawe toka miaka ya 1950, shimo lake moja leo ndo Haller Park mnapopeleka watoto kulisha twiga. Chokaa ya wazee ilikuwa matumbawe yanapangwa juu ya magogo, yanachomwa, yanaachwa umande na mvua uyavunje yawe unga, inatiwa shimoni na maji. Moto wake kama digrii 900. Simenti ni jiwe la chokaa na udongo wa mfinyanzi vimepikwa pamoja mpaka digrii 1,450 hivi. Yaani ni jiwe letu hilohilo, limeunguzwa zaidi, likatiwa mfukoni, tukauziwa.

Nina ushahidi wa ndani ya nyumba, na aliyekosa ni mimi mwenyewe. Mwaka 2009 shangazi yangu wa Mji wa Kale aliniita, ukuta wake wa chini umechakaa, chokaa inabanduka. Nyumba ya matumbawe, sijui umri wake, yeye mwenyewe aliikuta. Mimi kwa ujuzi wangu nkamwambia shangazi hii ni kazi ya siku tatu, nkabandua chokaa yote nkachapa lipu ya simenti moja kwa nne, laini kama kioo. Akaniombea dua. Mwaka wa pili ukuta ukaanza kutokwa na majipu. Unabonyeza, chini yake pana unga mweupe. Chumvi. Mwaka wa nne lipu ikawa inaanguka vipande vizima usiku, yeye amelala anasikia buu, anafikiri ni mwizi. Na ikianguka haianguki peke yake, inang'oa na uso wa jiwe.

Nlichukua muda kukubali. Ukuta wa matumbawe unanyonya maji toka chini na hewa ya bahari, na chokaa inayaachia yatoke, jasho linapita. Simenti haipitishi. Jasho linarudi ndani na chumvi yake, linatafuta pa kutokea, linapasua. Ni kama umemvalisha mtu koti la mvua Machi na kumfunga zipu. Na mimi nlimfunga zipu shangazi yangu na nikamlipisha. Alhamdulillahi hakuwahi kunisema, husema tu "mwanangu ile kazi yako ya kioo", na hilo lanitosha.

Nendeni mpite Mji wa Kale sasa hivi muangalie nyumba ngapi zina majipu kama hayo. Na Fort Jesus ile pale, Wareno waliianza 1593, matumbawe, juu ya mwamba wa matumbawe, baharini kabisa. Simenti ya mfuko haikuwepo.

Babu yetu mzaa mama alitoka Hadhramaut, huko Yemen, na alikuwa akituambia habari za Shibam, mji wa jangwani wa magorofa ya udongo mtupu, matofali ya kukaushwa na jua, gorofa tano, sita, saba, tangu karne ya 16, na sisi watoto twamcheka, twasema babu jua lilimpiga. Nilipokuja kuiona kwenye simu ndo nkamwombea dua ya msamaha. UNESCO waliuweka kwenye orodha ya urithi 1982. Mafuriko ya Hadhramaut ya 2008 yaliharibu nyumba kule, udongo ni udongo, lakini wenyewe kila mara wanapaka upya, wanatia chokaa juu ya paa kuzuia mvua, kazi haikomi. Hiyo ndo naiita kudumu, watu kutochoka.

Na jambo la mwisho la mbali halafu nirudi. Mpwa wangu yuko Texas anaendesha matrela, ananitumia video akiwa njiani, na safari moja alifika mpakani kabisa mwa Marekani na Mexico, mji waitwa Presidio, ng'ambo ya mto Rio Grande ni Ojinaga ya Mexico, jangwa, miiba, vumbi, akaniambia "mjomba angalia, hapa kama Marsabit". Kuta za tofali za udongo na majani makavu, zimekaushwa na jua, nene vilevile, dirisha dogo, waziita adobe, na neno lenyewe limetoka kwa Waarabu, at-tub, tofali, likapitia Uhispania likavuka bahari. Babu yangu angelijua bila mkalimani. Akanionyesha kuna mji karibu na pale unaitwa Marfa ambako matajiri wanazitafuta hizo nyumba za udongo kwa bei ya kutisha, zilizokuwa nyumba za maskini wa Kimexico. Na jimbo la jirani, New Mexico, lina kanuni rasmi za serikali za kujenga kwa udongo, ukuta uwe mnene kiasi gani, msingi vipi, fundi anasoma anajenga, mkaguzi anakuja na karatasi ileile. Marekani hiyo! Halafu Mtongwe twaambiwa si ya kudumu.

Sasa ninachoomba, kupitia gazeti lako manake najua wakubwa hulisoma hata kama hawakubali. Kenya tulikuwa na sheria za ujenzi za 1968 mpaka juzi, sasa kuna kanuni mpya zimeanza 2025. Vizuri. Basi zitafsiriwe Kiswahili cha fundi, si cha wakili, na sehemu ya udongo na chokaa iandikwe kwa urefu, msingi wa mawe uwe futi ngapi juu ya ardhi, paa litokeze kiasi gani, udongo unapimwa vipi (sisi twaufinyanga mpira twauangusha toka kiunoni, ukivunjika vipande vichache ni mzuri, ukitawanyika kama mchanga tafuta mwengine). Vyuo vya ufundi vya Pwani vifundishe kuchoma na kuivisha chokaa kabla wazee wanaojua hawajaisha, mimi nawajua wawili tu walio hai na mmoja haoni tena. Na hizo fomu za mikopo, pale palipoandikwa ukuta wa nini, pawe na nafasi ya pili ya kuandika umesimama miaka mingapi. Nafasi moja tu, hata ndogo.

Na mafundi wenzangu nawaomba kitu kimoja, mteja wa Mji wa Kale akikuita usiende na mfuko wa simenti begani, hata akikwambia anataka kioo. Mwambie habari ya shangazi yangu.

Ndugu yangu mkopo hakupata. Tumeamua kujenga vile vyumba viwili kidogo kidogo, fito za mvinje, msingi wa mawe ya timboni, udongo uko palepale kiwanjani wa bure, ukumbi tumeuongeza mpaka nyuma upepo usikatike. Juu tutatia mabati kwa sababu ya hofu ya moto, lakini na dari ya makuti chini yake imeachiwa hewa, tuone. Kwa shangazi nimeanza kubandua simenti yangu mwenyewe kila Ijumaa baada ya swala, sitozi, polepole manake jiwe limelegea. Uani kwake nimetia chokaa kwenye pipa na maji tangu Ramadhani, ina utandu juu kama mtindi, naikoroga na kijiti kila nikienda. Yeye anakaa kwenye kigoda ananiangalia, juzi akaniuliza kama hii kazi nayo ni ya siku tatu.

Ni mimi,
Fundi wa Kisauni,
Mombasa.